Kisahani cha Chumvi: Maisha ya Marehemu Alwine Kuhlmey

Yamesomwa na mpwa wake, Lene Kuhlmey, makaburini Plötzensee, Berlin, Jumatatu tarehe 23 Machi 1931

Ndugu, majirani, na nyote mliosimama hapa kwenye baridi, huyu tunayemsindikiza ni Alwine Emilie Kuhlmey, ambaye mtaa mzima wa Moabit ulimwita Sista wa Chumvi. Ameishi miaka arobaini na saba, miezi minne na siku nane. Sisi ndugu zake tumepewa kazi ya kueleza maisha yake, na tuseme kweli tangu mwanzo: sehemu kubwa ya mtakayosikia tumeijua ndani ya wiki mbili zilizopita, tena kwa kuwauliza watu baki. Aibu hiyo ni yetu, wala marehemu hana fungu ndani yake.

Alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Novemba 1883, ghorofa ya tatu ya nyumba mpya hapo Moabit. Alikuwa mtoto wa pili wa Gottlieb Kuhlmey, kibarua wa kubeba matofali, na mkewe Emilie, mfua nguo. Nyumba ilikuwa mpya mno. Lipu ilikuwa bado mbichi, maji yanatiririka ukutani, na hakuna mwenye uwezo ambaye angekubali kulala humo. Basi mwenye nyumba aliwaingiza maskini kwa kodi ndogo, wawashe jiko, wapike, wafue, wapumue, mpaka kuta zikauke. Zikishakauka kodi inapanda, wao wanatoka, wanaingia wenye mapazia. Watu hao waliitwa wakausha-nyumba. Wazee mliopo hapa mnaijua kazi hiyo, na wengine mnaisikia mpaka leo vifuani mwenu.

Kipimo cha Emilie kilikuwa chungu cha chumvi kilichokaa juu ya jiko. Chumvi ikiwa imelowa na kushikana, familia ipo. Siku chumvi inapomwagika kavu mkononi, Emilie alisema maneno yaleyale, bila kupandisha sauti: "Chumvi imekauka. Fungeni mizigo." Kabla Alwine hajatimiza miaka kumi na miwili, aliyasikia maneno hayo mara kumi na saba.

Alikuwa na kaka, August, ambaye ni baba wa msomaji na amekaa pale mbele, na mdogo wake, Emil. Alwine na Emil walilala kitanda kimoja, Emil upande wa ukutani, kwa kuwa alipenda kuchora. Kila usiku ukuta ulitoa jasho, na kila asubuhi Emil alichora farasi kwa kidole kwenye yale majimaji, farasi wa gari la bia, mwenye miguu minene. Hadi wamalize uji, farasi ameshateremka na maji. Emil alifariki kwa kifua mwezi wa Januari 1890, akiwa na miaka mitatu. Walimzika Jumanne. Alhamisi chumvi ikakauka. Alwine, aliyekuwa na miaka sita, alirudi chumbani wakati mizigo imeshashushwa, akakuta ukutani chokaa imekauka na alama ya farasi imebaki. Aliwaita watu waje waone, lakini kila mtu alikuwa chini anapanga mkokoteni. Alitusimulia jambo hilo mara moja tu, siku ya Krismasi, na sisi tukamwambia asituharibie sikukuu.

Elimu yake aliipata katika shule saba za jiji, kwa vipande. Katika shule ya tano, mwaka 1893, alikuwapo mwalimu aliyeitwa Schottke, mtu wa masihara, ambaye hakupenda kuharibu rejista yake kwa majina ya kupita. Akamkalisha Alwine karibu na mlango.

"Kuhlmey, hebu niambie," alisema mbele ya darasa. "Nikuandike kwa wino au kwa penseli? Unahama lini?"

"Chumvi ikikauka, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko, na Schottke mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Alwine hakuelewa walichochekea, maana alikuwa amejibu swali. Aliandikwa kwa penseli. Hata hivyo alimaliza shule Pasaka ya mwaka 1898 akijua kusoma, kuandika na kuhesabu kuliko wengi walioandikwa kwa wino.

Baada ya hapo alifanya kazi za ndani kwa miaka saba, nyumba tatu tofauti, akilala kwenye dari dogo lililojengwa juu ya choo. Mwaka 1905 alijiunga na mafunzo ya uuguzi, na tarehe 1 Aprili 1908 akaajiriwa na kituo cha maradhi ya kifua hapa mtaani, awe Sista wa kutembelea majumbani. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na miwili. Alitembea ua wa kwanza, ua wa pili, ua wa tatu, kule nyuma ambako jua linafika mwezi Juni kuaga tu. Alipanda ngazi, alishuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, akahesabu vitanda na vichwa, akawafundisha watu kutema kwenye kopo lenye kifuniko. Na mkobani, pamoja na kipimajoto na kikombe chake cha bati, alibeba chumvi.

Maana wenye nyumba walikuwa na jibu moja: ukuta huu mkavu, wapangaji ndio wachafu. Alwine hakubishana. Aliweka chumvi kavu kwenye kisahani, akakisukuma chini ya kitanda cha mgonjwa, akaondoka. Kesho yake asubuhi alirudi na kukivuta. Kama chumvi imekuwa maji, aliandika ripoti, na hakuna mwenye nyumba aliyeweza kuishitaki chumvi.

Mtunza nyumba mmoja, Bwana Zippel, mtu mwenye tumbo na funguo, alimchukia kama ukoma. "Haya jamani, mama chumvi huyo!" alipiga kelele uani kila alipomwona. "Baneni pumzi, msije mkauloanisha ukuta!"

"Usihangaike, Bwana Zippel," Alwine alimjibu akiwa anapita. "Ukiukamua vizuri ukuta wako, utaosha ngazi zote bila kuchota maji."

Watu walicheka madirishani. Huo ndio ulikuwa urafiki wenyewe, ndugu zangu, kucheka kutoka dirishani. Kwa maana viatu vyake vilijulikana. Akiingia kwenye ngazi, nyumba nzima ilinyamaza na kusikiliza vitasimama ghorofa ya ngapi, na pale viliposimama, majirani waliacha kuazima sufuria. Wagonjwa wakamwomba asije. Basi akabuni mbinu: akawa anabisha hodi kila mlango, ghorofa zote, awaulize habari za watoto, ili asijulikane kaja kwa nani. Alibisha milango yote ya Moabit na hakukaribishwa hata mmoja. Kanuni ya kazi ilimkataza kunywa kwenye vikombe vya wagonjwa, ndiyo sababu alibeba cha kwake. Msomaji amekishika kikombe hicho. Ndani hakina hata alama ya kahawa.

Sasa tuseme habari za familia ya Wuttke, kwa sababu bila hizo hamtaelewa jinsi alivyoishi miaka yake iliyobaki.

Paul Wuttke alikuwa dereva wa gari la bia na mkewe Berta alipiga pasi nguo za watu. Mwaka 1911 walikaa chumba cha chini ya ardhi na watoto wanne. Mdogo kabisa, Trude, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu, alikuwa anakohoa. Tarehe 17 Oktoba Alwine aliweka kisahani. Kesho yake chumvi ilikuwa maji matupu, ungeweza kuyanywa. Akaandika ripoti, na mara hiyo ripoti ilifanya kazi haraka kuliko zote alizowahi kuandika. Tarehe 1 Novemba askari wa afya alikuja na bango na misumari, akakifunga chumba kisikaliwe tena na binadamu. Kituoni walimpongeza. Alwine alirudi nyumbani akiimba, kama alivyosema mwenyewe.

Hakuuliza walikokwenda. Alidhani kuwa mtu akitolewa pabaya anakwenda pazuri. Lakini nani angempangisha mtu mwenye watoto wanne, mmoja anakohoa? Wuttke walitangatanga siku tisa, na siku ya kumi wakapokelewa na nyumba mpya upande wa kaskazini, kodi ndogo, lipu mbichi. Wakawa wakausha-nyumba. Alwine, mtoto wa wakausha-nyumba, ndiye aliyewapeleka huko kwa mkono wake. Trude alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 1912.

Alwine alipata habari baada ya mazishi, akaenda mbio. Berta alifungua mlango nusu, akasimama katikati.

"Sista, kule shimoni mwanangu alikuwa anakohoa," alisema. "Hapa hakohoi tena. Umeridhika?"

Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Alwine aliniambia mimi Lene, mwezi huu huu, kwamba angeubamiza ingekuwa nafuu.

Kuanzia siku hiyo alijitungia sheria ambayo haikuwamo kwenye daftari la kituo: kwanza chumba, ndipo ripoti. Hakuandika tena ripoti hata moja kabla hajatafuta mwenyewe mahali pakavu pa kuihamishia familia. Wakubwa walimkaripia kwa kuchelewesha karatasi. Akawa anatafuta vyumba Jumapili, siku yake ya mapumziko, na kusukuma mkokoteni wa mizigo yeye mwenyewe. Kwenye daftari lake dogo tumekuta familia mia mbili na kumi na moja. Wengine mpo hapa leo, tumewaona, na tunawashukuru kwa kuja.

Na kila mwaka, tarehe 9 Februari, alikwenda mlangoni kwa Berta Wuttke. Familia hiyo ilikuwa imesharudi Moabit, chumba kikavu, ghorofa ya pili. Paul alikufa vitani mwaka 1915. Alwine alipeleka robo ya kahawa, na baridi ile ya mwaka 1917, ambapo kahawa haikuwapo hata ya kunusa, alipeleka tanipu moja, mzizi wa kulisha ng'ombe, imefungwa kwenye gazeti. Mazungumzo yao yalikuwa haya:

"Umefika."

"Nimefika."

"Haya."

Berta alipokea, akafunga mlango. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mara kumi na nane, wala mguu wa Alwine haukuwahi kuvuka kizingiti. Alichokitaka kilikuwa kidogo, jamani. Alitaka siku moja aambiwe aingie.

Wasifu wa heshima huwa na sehemu ya ndoa, na sisi hatutairuka. Mwaka 1913 marehemu alichumbiwa na Bwana Hermann Priefer, kondakta wa tramu, mtu mpole, aliyemtongoza kwa kumsaidia kusukuma mkokoteni siku za Jumapili. Hermann alipata nyumba huko Neukölln, vyumba viwili na jiko, mpya kabisa, akampeleka mchumba wake kuiona. Alwine aliingia, akaweka kiganja ukutani, akabaki hapo.

"Hermann, ukuta huu unalia."

"Ni rangi tu, mpenzi. Wamepaka juzi."

"Tusubiri miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Alwine, mimi naoa mke au naoa ukuta?"

Alwine hakuondoa kiganja ukutani, na Hermann akaelewa. Mwaka uliofuata alioa mwanamke mwingine, wakaingia nyumba ileile, wakapata watoto wawili, wote wazima, hakuna anayekohoa. Bwana Priefer yupo hapa, amesimama kule nyuma ameshika kofia. Usijifiche, bwana. Marehemu hakuwahi kukusema vibaya.

Hilo la kuogopa nyumba mpya ndilo lililommaliza, na ni lazima tulieleze. Mwaka 1928 ushirika wa nyumba ulimaliza kujenga zile nyumba nyeupe zenye roshani, na kwa heshima ya kazi yake Alwine akapewa nafasi ya kwanza: chumba cha peke yake, dirisha la kusini. Alikwenda, akaweka kiganja ukutani.

"Bado unalia," alisema.

Karani wa ushirika alishangaa. "Sista, tumezikausha kwa mashine tangu mwaka jana. Weka hiyo chumvi yako uone."

"Mashine haina mapafu, kijana. Ukuta unakaushwa na watu, na watu hao najua walikolala."

Akarudi kwenye chumba chake cha ua wa tatu, ghorofa ya kwanza, alichokaa tangu mwaka 1909. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1864. Kwa akili yake, na kwa akili ya kila aliyelelewa kama yeye, nyumba kongwe haina hatari. "Hii imeshakula watu wake, imeshiba," alizoea kusema. Hakujua kuwa mfereji wa paa la jirani ulipasuka mwaka 1926, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia ndani ya ukuta, nyuma ya kabati lake la nguo. Hakuwahi kuweka kisahani chini ya kitanda chake mwenyewe. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Na huyu hakuwa na mtu wa kumganga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia humo ndani. Sisi ndugu tulimwalika kwetu Krismasi. Kwenda kwake hatukwenda, hata mara moja, miaka ishirini na miwili. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa tramu.

Alianza kukohoa mwaka 1929, vuli, akadhani ni uchovu. Mwaka 1930, mwezi wa Septemba, kituo kilimpumzisha kwa cheti na shada la maua. Tangu hapo hakuonekana mitaani, na kila mtu alidhani yuko kwa mwingine.

Mwaka huu, Jumatatu tarehe 9 Februari, Berta Wuttke alisikiliza hatua kwenye ngazi tangu asubuhi. Saa sita mchana hakuna mtu. Saa nane hakuna mtu. Yeye mwenyewe anasema alianza kwa kukasirika, akawa anaizungusha pasi na kusema peke yake, "Si useme kama umechoka!" Saa tisa alivaa koti akatoka kumtafuta. Hapo ndipo alipogundua kitu kilichomtia ubaridi: Moabit nzima inamjua Sista wa Chumvi, lakini hakuna anayejua anakaa wapi. Aliuliza kwa mwoka mikate, akauliza kanisani, akauliza hata kwa Bwana Zippel, aliyekuna kichwa na kusema, "Mimi nilidhani analala kituoni." Mwishoni muuza makaa akamwonyesha.

Alimkuta Alwine kitandani, amevaa koti, jiko limezimika.

"Kwa nini hukuja?" Berta aliuliza akiwa mlangoni.

"Niliugua kidogo. Kahawa ile pale mezani, nilikuwa nimeshainunua."

"Kidogo! Umebaki pua tupu." Berta alikuwa ameshaingia, ameshapeleka mkono nyuma ya kabati. Aliutoa umelowa. "Sista. Ukuta huu."

"Mkavu huo. Nyumba ya mwaka sitini na nne."

"Chumvi iko wapi?"

"Berta, acha."

"Nimekuuliza, chumvi iko wapi?"

Ilikuwa mkobani, palepale ilipokaa siku zote. Berta aliiweka kwenye kisahani, akapiga magoti, akakisukuma chini ya kitanda cha Alwine. Akawasha jiko, akamfunika, akasema atarudi kesho.

Saa mbili asubuhi alirudi na mwanawe, Willi, na mkokoteni. Akavuta kisahani, akakishika mbele ya macho ya Alwine. Yalikuwa maji. Alwine aliyatazama muda mrefu, akayagusa kwa kidole, akaonja kama aliyekuwa bado anataka ushahidi.

"Haya," alisema. "Peleka kituoni, waandike ripoti."

"Ripoti baadaye. Si sheria yako mwenyewe? Kwanza chumba." Berta alikuwa tayari anamvisha soksi. "Chumba nimeshakupatia. Jikoni kwangu, karibu na jiko. Willi, mnyanyue."

"Berta, nina kifua. Una watoto."

"Watoto wameshaolewa wameshaoa. Amebaki huyu Willi, na huyu hata viroboto wanamkimbia."

Willi alimbeba ngazi zote. Walipofika mlangoni, ule mlango, Alwine alimwomba amshushe. Alisimama kwenye kizingiti ameshika fremu, akimngoja Berta aliyekuwa ametangulia ndani kuweka mto. Willi anasema alidhani amezidiwa. Berta aligeuka, akamwona amesimama pale alipozoea kusimama, akaelewa.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Ingia."

Akaishi humo siku thelathini na saba. Alikataa vikombe vya nyumba, akadai kikombe chake cha bati kisichanganywe na vingine, kikachemshwa kando kila siku, kikajazwa kahawa kila siku. Mgeni siku mbili, na siku ya tatu mwenyewe akaomba viazi amenye. Sisi tulipata habari kwa kadi ya posta ya Mama Wuttke, tarehe 7 Machi, yenye maneno manne: "Yupo kwangu. Njooni upesi." Damu ni nzito kuliko maji, tumezoea kusema. Msomaji alipofika jikoni pale, amelishika shada la maua la dukani, alitamani ardhi immeze. Shangazi yake hakumlaumu. Aliuliza tu kama chumba anacholala kina ukuta wa nje, na upande gani.

Siku moja, wakati marehemu amesinzia, Lene alimvuta Mama Wuttke kando. "Mama, umemsamehe?"

Mama Wuttke alimtazama kama aliyeulizwa na mtoto. "Nimemwambia aingie. Unataka neno gani jingine?"

"Na ile kahawa ya miaka yote, uliinywa?"

"Kahawa ni kahawa, mwanangu. Nilikuwa naimwaga mpaka mwaka wa kumi. Halafu nikaanza kuinywa, na ndipo nikaanza kulia."

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 19 Machi 1931, saa nne asubuhi, jikoni kwa Berta Wuttke, kwa maradhi ya kifua. Maji ya viazi yalikuwa yanachemka. Alikuwa ameutegemeza mkono ukutani, na ukuta ulikuwa na joto.

Hakuacha mume wala mtoto. Ameacha kaka, August Kuhlmey, na mkewe. Wapwa wawili, Lene na Otto. Na familia mia mbili na kumi na moja ambazo majina yake hatukuweza kuyachapa yote. Ameacha pia Berta Wuttke. Tulipokuwa tunaandaa karatasi hii tulimuuliza tumwandike nani, rafiki, jirani au ndugu, akasema yote hayo ni uongo. "Andikeni mwenyeji wake," alisema. Ndivyo tulivyoandika.

Juzi, Jumamosi, baada ya mchimbaji kumaliza kaburi hili, Mama Wuttke alikuja peke yake, akamwomba ateremke na kuweka kisahani cha chumvi chini kabisa, kisha alifunike kwa mbao. Mchimbaji alidhani ana huzuni iliyomzidi, akamkubalia. Jana baada ya ibada alirudi, na msomaji alikuwa naye. Mchimbaji akakitoa kisahani, akakimimina kwenye kiganja chake. Huku ni mchanga mtupu, ndugu zangu. Chumvi ilimwagika kavu, punje moja moja.

Mara kumi na saba utotoni, chumvi ilipokauka hivyo, aliambiwa afunge mizigo. Shangazi Alwine, chumvi imekauka, na safari hii hakuna wa kukuhamisha. Lala kwa amani.